Daftari Lisilofutika na Safari ya Chakula

Mei 2011, hospitali za kaskazini mwa Ujerumani zilianza kufurika watu wanaoharisha damu. Wengi walikuwa watu wazima wenye afya zao, wanawake zaidi ya wanaume, na baadhi yao figo ziligoma kabisa. Mdudu mwenyewe alijulikana mapema: bakteria wa jamii ya E. coli, aina ya O104:H4. Kilichokuwa gizani ni chakula gani kilimbeba. Tarehe 26 Mei mamlaka ya afya ya Hamburg ikanyoosha kidole kwa matango ya Hispania. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa bakteria waliokutwa kwenye matango yale hawakuwa wale waliokuwa wakiua watu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Wanunuzi walikimbia, mboga zikaozea maghalani, na wauzaji wa Hispania wakakadiria hasara ya yuro milioni 200 kwa wiki.

Mkosaji halisi alitajwa mwezi Juni: machipukizi, zile mbegu zilizooteshwa ambazo wapishi huzinyunyiza juu ya saladi. Mlipuko mwingine mdogo karibu na Bordeaux, Ufaransa, ndio uliosaidia kubana zaidi, kwa sababu pande zote mbili zilikutana kwenye mbegu za uwatu. Wachunguzi wakarudi nyuma, kutoka kwa mwoteshaji wa machipukizi huko Lower Saxony hadi kwa msambazaji wa mbegu, hadi kwa mwagizaji, mpaka kwenye mzigo mmoja wa tani 15 hivi uliotoka Misri mwaka 2009. Kufikia mwisho wa mlipuko zaidi ya watu 50 walikuwa wamekufa na karibu 4,000 wameugua.

Kinachonishangaza kila nikirudi kwenye kisa hiki ni kwamba sheria ya kufuatilia chakula ilikuwepo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002, kifungu cha 18, ilikuwa ikitumika tangu Januari 2005, nayo inamtaka kila anayeshika chakula, awe msindikaji, msafirishaji au muuza jumla, ajue mambo mawili: nani alimpa, na yeye amempa nani. Hatua moja nyuma, hatua moja mbele. Kwenye karatasi inatosha. Kwenye dharura ni kama kuulizia njia katika mtaa ambao kila mwenyeji anaujua mlango wa jirani yake tu. Unabisha hodi, unasubiri mwenye nyumba atafute ankara, unaelekezwa mlango wa pili, unabisha tena. Huyu ana kompyuta, yule ana faili lenye vumbi, wa tatu yuko likizo.

Blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalonakiliwa kwenye kompyuta za watu wengi, ilipoingia kwenye biashara ya chakula, miaka michache baadaye, iliahidi kuikusanya milango yote hiyo kwenye daftari moja. Sehemu ya ahadi hiyo inatimia. Bahati mbaya si ile sehemu inayotangazwa zaidi, na ndiyo maana watu wengi wanaifahamu teknolojia hii kwa jina huku wakiitarajia ifanye kazi isiyo yake.

Siku sita na sekunde mbili

Kisa maarufu kuliko vyote ni cha embe. Mwaka 2016 Frank Yiannas, aliyekuwa mkuu wa usalama wa chakula katika Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, aliwapa watu wake pakiti ya embe zilizokwisha kukatwa vipande akawaambia watafute shamba zilikotoka. Saa ikaanza kuhesabu. Jibu lilipatikana baada ya siku 6, saa 18 na dakika 26. Kisha Walmart na kampuni ya kompyuta ya IBM wakafanya majaribio ya mfumo wa blokcheni kwenye embe zinazotoka Mexico, na swali lile lile likajibiwa kwa sekunde 2.2.

Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima, na kusema kweli ni tamu kusimulia. Lakini tuiangalie vizuri. Zile siku sita zilikwenda wapi? Hazikuliwa na kompyuta iliyokuwa ikifikiri polepole. Zililiwa na simu, barua pepe, karatasi zilizoskaniwa, na watu wanaofungua makabati kutafuta hati za wiki kadhaa nyuma. Na zile sekunde 2.2 ni muda wa kawaida tu wa kuuliza kompyuta kitu inachokijua tayari. Hifadhidata yoyote ya kawaida, iliyojazwa vizuri, ingejibu kwa kasi hiyo hiyo au zaidi. Kilichobadilika kati ya siku sita na sekunde mbili ni kwamba mara ya pili shamba, kituo cha kufungashia, mwagizaji na ghala walikuwa wameandika taarifa zao mapema, kwa mtindo mmoja, mahali pamoja.

Kwa hiyo ushindi mkubwa wa kisa cha embe ni wa kuandika, wala si wa blokcheni. Blokcheni inaingia kwenye swali linalofuata, lenye ubishi zaidi: hilo daftari la pamoja atalitunza nani, wakati wanaoandika ndani yake ni washindani wanaotiliana shaka?

Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi

Tuchukue rekodi moja tuifungue. Alfajiri letusi imevunwa, na mtu wa kituo cha kufungashia ameandika: bechi 0417, kreti 480, letusi, imetoka shamba fulani, imekwenda ghala fulani la ubaridi, saa 11:40 alfajiri. Sentensi hiyo inapitishwa kwenye hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Mfuatano huo huitwa heshi. Rudia sentensi ile ile mara elfu moja, utapata heshi ile ile. Lakini badilisha 480 iwe 408, tarakimu mbili tu zimepishana, na heshi yote inageuka, haifanani na ya kwanza hata kwa mbali. Na hakuna njia ya kuanzia kwenye heshi ukarudi kwenye sentensi.

Sasa rekodi kadhaa zinakusanywa kwenye furushi moja, ndiyo bloku, na ndani ya kila bloku inawekwa heshi ya bloku iliyotangulia. Hapo ndipo penye ujanja wote. Mtu akienda kuchezea idadi ya kreti za mwezi uliopita, heshi ya bloku ile inabadilika, kwa hiyo bloku iliyofuata inakuwa imebeba heshi isiyolingana, na iliyofuata hiyo nayo, mpaka mwisho wa mnyororo. Uongo mmoja unalia kengele kwenye kila ukurasa uliokuja baada yake.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Stuart Haber na Scott Stornetta walilichapisha mwaka 1991, wakitafuta namna ya kuthibitisha kwamba hati ya kompyuta haikurudishwa tarehe nyuma. Kampuni yao ilianza mwaka 1995 kuchapisha heshi kila wiki kwenye matangazo madogo madogo ya gazeti la New York Times. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaelewa. Ukitaka kughushi rekodi ya zamani unalazimika kwenda kukusanya kila nakala ya gazeti lile kutoka kila nyumba na kila maktaba. Usalama haukutoka kwenye kufuli. Ulitoka kwenye wingi wa nakala zilizo mikononi mwa watu wasiofahamiana.

Anayejiita Satoshi Nakamoto aliongeza kipande kilichobaki mwaka 2008 alipoeleza Bitcoin, pesa ya kidijitali: namna watu wasiojuana kabisa wanavyoweza kukubaliana nani aandike ukurasa unaofuata, kwa kushindanisha kompyuta kwenye hesabu nzito. Mashindano hayo ndiyo yanayokula umeme mwingi mpaka yakaipa blokcheni jina baya. Kwenye chakula hayapo. Wanachama wa mtandao wa chakula wanajulikana kwa majina na mikataba: huyu mfungashaji, huyu msafirishaji, huyu mwenye maduka. Hakuna haja ya kushindana; seva zao chache zinakubaliana zenyewe kwamba muamala huu umesainiwa na mhusika na unaruhusiwa. Programu iliyotumika kwenye majaribio ya Walmart, Hyperledger Fabric, ni ya aina hiyo, iko wazi kwa yeyote chini ya shirika la Linux Foundation, na juu yake ndipo IBM ilijenga huduma ya Food Trust iliyofunguliwa kibiashara mwaka 2018.

Swali ambalo kila mfanyabiashara huuliza hapo ni la haki: mshindani wangu ataona nanunua kwa nani? Haoni. Kila rekodi ina orodha ya wanaoruhusiwa kuisoma, na mara nyingi hati yenyewe, kama cheti cha ukaguzi au picha ya mzigo, hubaki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Kinachopanda kwenye mnyororo ni heshi yake tu. Siku ya ugomvi unatoa hati, heshi inapigwa upya mbele ya wote, na kama haifanani na ile iliyowekwa siku ya kwanza, umeumbuka.

Hivyo ndivyo inavyosaidia kweli. Inaziba mlango wa kubadilisha historia baada ya mambo kuharibika. Watu wakishaanza kuugua, kishawishi cha kufuta mstari mmoja kwenye leja ya kampuni ni kikubwa mno, na mwenye hifadhidata ya kawaida ana funguo zote. Kwenye daftari la pamoja, aliyekubali Jumatatu kwamba alipokea kreti 480 hawezi kusema Ijumaa kwamba hajawahi kuziona.

Msimbopau hausemi shamba

Hapa tupite kwenye jambo linalosahaulika. Watu hudhani ile mistari myeusi kwenye pakiti inaeleza bidhaa imetoka wapi. Haielezi. Msimbopau wa aina hiyo ulipita kwenye mashine ya duka kwa mara ya kwanza Juni 1974, huko Troy, Ohio, kwenye pakiti ya chingamu, na kazi yake tangu hapo ni kusema hii ni bidhaa gani ili bei ijulikane. Pakiti mbili za letusi kutoka mashamba mawili yaliyo mbali, zikiwa za chapa moja na uzito mmoja, zina msimbo ule ule. Mashine ya malipo haiwezi kuzitofautisha, na kwa hiyo duka halijui limeuza bechi gani kwa nani.

Gharama ya upofu huo ilionekana mwaka 2018. Letusi ya romaine iliyolimwa eneo la Yuma, Arizona, iliwaugulisha watu 210 katika majimbo 36 ya Marekani, watano wakafa. Watu waliambiwa wasile romaine ya Yuma, ushauri wa ajabu kidogo, maana lebo nyingi hazikusema imelimwa wapi. Novemba mwaka huo huo mlipuko mwingine ukatokea, na safari hii wakaambiwa waitupe yote, yoyote, popote ilikotoka. Mashamba yasiyo na hatia yaliangamia pamoja na yenye hatia, kama yale matango. Baada ya hapo ndipo wenye letusi walipoanza kwa hiari kuandika kwenye lebo eneo na tarehe ya mavuno. Walmart nayo, Septemba 2018, ilikuwa imeshawaandikia wauzaji wake wa mboga za majani ikiwataka wajiunge na mfumo wa blokcheni ndani ya mwaka mmoja.

Angalia dawa zilivyo mbili. Moja ni maneno machache ya wino kwenye mfuko. Nyingine ni mtandao wa seva. Zote zinajibu swali lile lile, na ile ya wino ilifika haraka zaidi.

Kinachounganisha hizo mbili ni msamiati wa pamoja. Shirika la GS1, linalosimamia misimbopau duniani, lina kiwango kiitwacho EPCIS ambacho kinaandika kila tukio la mzigo kwa maswali kama haya: ni nini, wapi, lini, na kwa sababu gani. Limevunwa, limefungashwa, limepakiwa, limepokelewa. Bila msamiati huo, shamba litaandika "letusi ya kijani", ghala liandike "LET-G", na mnyororo utayahifadhi maneno hayo mawili milele bila kujua kwamba ni kitu kimoja. GS1 inasukuma pia maduka yawe tayari kufikia mwisho wa 2027 kusoma misimbo ya mraba, jamaa ya QR, ambayo ina nafasi ya kubeba namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda.

Sheria za Marekani zimefuata njia hiyo hiyo. Kanuni ya ufuatiliaji iliyotolewa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, Novemba 2022, kwa vyakula vyenye hatari zaidi kama mboga za majani, jibini laini na baadhi ya samaki, inataka kila bechi iwe na namba inayosafiri nayo, na kumbukumbu zifikishwe kwa FDA ndani ya saa 24 zikiombwa. Ilipangwa ianze kubana Januari 2026, ikasogezwa hadi Julai 2028. Haimtaki mtu yeyote awe na blokcheni. Jedwali safi la kompyuta linatosha.

Mlangoni mwa ghala

Sasa tushuke tusimame mahali ambapo mfumo wote unaegemea. Ni mlango wa ghala, asubuhi, lori la ubaridi limerudi kinyumenyume mpaka kizingitini. Mpokeaji ana glavu mkononi na kiskana kifuani. Lebo ya kreti ya tatu imelowa, kiskana kinalia kukataa. Nyuma kuna malori mengine mawili, dereva anataka sahihi aondoke, na letusi inapata joto. Mpokeaji anaandika kwa mkono namba ya bechi ya kreti iliyotangulia, maana zinafanana na huenda ni za shamba moja. Anabonyeza "pokea". Ndani ya sekunde chache rekodi hiyo imesainiwa, imepigwa heshi, imenakiliwa kwenye seva tano, na kuanzia hapo hakuna mtu mmoja anayeweza kuifuta peke yake.

Ni rekodi safi, yenye ulinzi wa hali ya juu, na ni ya uongo.

Blokcheni inalinda kilichoandikwa. Haina macho ya kuona kilichomo ndani ya kreti. Wataalamu wanalijua tatizo hili tangu mwanzo, na si la chakula peke yake: daftari lolote la kidijitali linalozungumzia vitu vya kushikika linahitaji mtu au kifaa cha kuliambia, na uaminifu wake hauzidi wa huyo mwambiaji. Kosa likitokea, rekodi ya kwanza haifutwi. Unaongeza rekodi ya marekebisho juu yake, na zote mbili zinabaki. Hilo si baya. Ndivyo wahasibu walivyofanya kazi tangu zamani, hawafuti kwa kifutio, wanaandika ingizo la kusahihisha. Ila mtu aliyeambiwa kwamba "kilichomo kwenye blokcheni ni kweli" ameambiwa kitu ambacho hakuna hesabu inayokithibitisha.

Uongo wa makusudi ni mgumu zaidi. Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza kukuta vinasaba vya farasi kwenye baga zilizoandikwa nyama ya ng'ombe. Sampuli moja ilikuwa na asilimia 29. Wiki chache baadaye zikakutwa lasanya zilizoandikwa ng'ombe ambazo nyama yake ilikuwa farasi mtupu. Nyaraka zilipofuatwa, njia ilipita machinjio ya Romania, madalali wa Kupro na Uholanzi, msindikaji Ufaransa, na kiwanda Luxembourg. Machinjio yalisema yaliuza farasi akiwa ameandikwa farasi. Jina lilibadilika njiani, kwenye makaratasi.

Je, daftari la pamoja lingezuia? Nimelizungusha swali hili mara nyingi. Kama machinjio na kiwanda wangekuwa kwenye mnyororo mmoja, mfumo ungeona bechi inaingia kwa dalali ikiitwa farasi na kutoka ikiitwa ng'ombe, na ungegoma. Lakini dalali mwenye nia mbaya hana haja ya kubadilisha rekodi. Anaanzisha mpya: ng'ombe, bechi namba moja, asili hapa. Mnyororo utaipokea kwa mikono miwili, maana hauna habari za machinjio ambayo hayajawahi kujiunga. Na tusisahau aliyefichua yote yale. Ilikuwa maabara.

Ndiyo maana miradi yenye akili huifungamanisha rekodi na kitu cha mwilini mwa bidhaa yenyewe. Vipimo vya vinasaba vinasema ni mnyama gani au samaki wa jamii gani. Uwiano wa isotopu (atomi za aina moja zinazotofautiana uzito) za oksijeni na hidrojeni ndani ya mmea hufuata maji ya mahali ulipokulia, kwa hiyo tunda linalodai limetoka nyanda za juu linaweza kuumbuliwa na maji yake lenyewe. Vipima joto vinavyojiandikia ndani ya kontena vinasema kama ubaridi ulikatika. Vipimo kama hivi havifanyiki kwa kila kreti, ila mtu akijua kwamba kreti moja kati ya nyingi itapimwa na jibu litawekwa pembeni ya maneno yake yasiyofutika, mahesabu yake ya kudanganya yanabadilika.

Maziwa hayana namba

Letusi ina bahati, inakaa kwenye kreti. Nafaka humwagwa kwenye silo juu ya nafaka nyingine. Maziwa ya mashamba 30 huingia tangi moja. Kakao ya wakulima mia hukutana kwenye gunia la mnunuzi kabla haijafika barabara kuu. Chakula kikishachanganyika, swali la "hii imetoka shamba gani" halina jibu moja, hata ukiwa na kompyuta zote za dunia. Jibu la kweli ni orodha: imetoka kwenye moja au zaidi kati ya haya 30.

Wafanyabiashara wana njia kuu tatu za kuishi na hilo. Ya kwanza ni kutunza kila bechi peke yake toka shamba hadi rafu, jambo la gharama kubwa. Ya pili ni kuchanganya bechi zenye cheti na nyingine zenye cheti, bila kugusa zisizo nacho. Ya tatu ni hesabu ya uzito: unaruhusiwa kuchanganya unavyotaka, ila ukinunua tani 10 za kakao yenye cheti, unaweza kuuza chokoleti yenye nembo kwa kiasi kinacholingana na tani 10 hizo, hata kama kakao iliyomo kwenye kipande unachokula haikuwahi kuliona shamba lenye cheti. Wengi wanaosoma nembo hizo hawalijui hili, nami sidhani wanaoziandika wana haraka ya kulieleza.

Lakini ni kwenye hesabu hiyo ya uzito ndipo naona blokcheni inafaa kuliko mahali pengine popote. Daftari moja moja la kampuni haliwezi kugundua kwamba tani 10 zile zile zimeuzwa mara mbili kwa wanunuzi wawili tofauti. Daftari la pamoja linaweza, kwa sababu kuzuia kitu kimoja kutumika mara mbili ndiyo kazi ileile ambayo Bitcoin ilibuniwa kuifanya kwa pesa. Shamba likitoa tani 10 na mbele ya safari zikatokea 14, mfumo unajua bila kumwuliza mtu.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu imekaza zaidi. Kwa kahawa, kakao, soya, mawese, mpira, mbao na ng'ombe, mwagizaji anatakiwa kuonyesha kwa majiranukta ya ramani (latitudo na longitudo) ni kipande gani cha ardhi bidhaa ilitoka, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kipande kinachozidi hekta nne kichorwe mipaka yake, isipokuwa kwa ng'ombe. Kuchanganya na mzigo usiojulikana asili yake hakuruhusiwi, yaani ile njia ya tatu imefungwa. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na si vigumu kuona sababu. Mzigo mzima umewaangukia wale walio mwisho wa mstari: mkulima mwenye shamba dogo, simu ya kawaida, na mnunuzi anayepita na pikipiki kukusanya kidogo kidogo kwa kila mmoja.

Nani mwenye daftari

Mradi mkubwa wa aina hii haukuuliwa na hesabu. TradeLens, mtandao wa blokcheni wa kufuatilia makontena ulioanzishwa na kampuni ya meli ya Maersk na IBM mwaka 2018, ulitangaza Novemba 2022 kwamba unafungwa, kwa kuwa ushirikiano kamili wa sekta nzima haukupatikana. Teknolojia ilifanya kazi. Lakini kampuni za meli zilikuwa zikiombwa kumwaga taarifa zao kwenye nyumba iliyojengwa na mshindani wao mkubwa, na hata ukihakikishiwa kwamba kuta ni imara, bado unajua nani ana hati ya kiwanja.

Hili linarudi kwenye chakula kila siku. Duka kubwa likiamuru wauzaji wake wajiunge, wanajiunga, lakini daftari linakuwa la pamoja kwa jina tu. Duka ndilo linaloweka kanuni, na gharama ya kuskani na kuandika inabebwa na aliye chini. Kama daftari lina mwenyewe mmoja ambaye wote wanamtii, hifadhidata ya kawaida ingefanya kazi ile ile kwa bei nafuu. Blokcheni inastahili gharama yake pale tu ambapo kuna wengi wanaoandika, hakuna anayekubali mwenzake awe karani, na wote wanakubali kuandika kwa lugha moja. Masharti hayo matatu hukutana mara chache kuliko matangazo yanavyodokeza. Na ile QR inayompeleka mnunuzi kwenye picha ya mfugaji anayetabasamu, kama waliyoanza nayo maduka ya Carrefour ya Ufaransa kwa kuku wa Auvergne mwaka 2018, kwangu ni biashara ya kujenga imani ya mteja, si kinga dhidi ya mlipuko.

Turudi Ujerumani. Mwanzoni wagonjwa waliulizwa walikula nini, wakataja nyanya, matango, letusi. Katika uchunguzi mmoja, robo tu ndio waliokumbuka machipukizi. Nani anakumbuka kilichonyunyiziwa juu ya saladi? Wachunguzi wakabadilisha njia. Walikwenda kwenye mgahawa ambao makundi kadhaa ya wageni walikuwa wamekula na baadhi yao wakaugua, wakachukua bili, wakaomba picha ambazo wageni walipiga mezani, kisha wakakaa na mpishi awaeleze kila sahani aliipangaje. Wote waliougua walikuwa wamepewa machipukizi. Mpishi ndiye aliyejua, na mfuko yalimotoka ulikuwa umeshatupwa siku nyingi pamoja na lebo yake.